"Pameandikwa Nyuma": Dhana Potofu Kuhusu Kutambua Mahali pa Picha za Kale

Kazi yangu hapa Lamu ni kusafisha, kuskani na kutambua picha za zamani. Zinanijia kutoka masanduku ya mabibi, kutoka albamu zilizoliwa na mchwa, na siku hizi zaidi kutoka kwenye simu, zimeshapita makundi mengi ya WhatsApp hata haijulikani zilianzia kwa nani. Swali huwa moja: hapa ni wapi? Na mara nyingi mwenye picha huwa ameshajijibu kabla hajakaa kitako. Majibu hayo nimeyasikia mno. Ni yale yale, na makosa yake ni yale yale, kwa hiyo nayaandika mahali pamoja.

Kanuni ninayoifuata ni fupi. Picha ina vitu vinavyohama na vitu visivyohama. Maandishi yanahama, muhuri unahama, mlango unahama, chombo kinahama, nguo inahama. Jua haliachi kuzama magharibi, kibla (upande wa Makka) haigeuki, na ukuta wa matumbawe hauondoki ulipojengwa ukaenda kusimama mji mwingine. Mahali hutambuliwa kwa visivyohama. Vinavyohama huja baadaye kutia nguvu tu.

"Pameandikwa nyuma"

Kama ningeweza kuifuta dhana moja tu Pwani nzima, ningefuta hii. "Maalim, mbona pameandikwa hapa, Lamu?" Picha inageuzwa, neno linaonyeshwa kwa kidole, nami natakiwa nikubali. Nakubali kwamba pameandikwa. Ninachotaka kujua ni nani aliyeandika, aliandika lini, na kama yeye mwenyewe alikuwapo picha ilipopigwa. Karibu kila mara hakuna anayejua hata moja kati ya hayo matatu, na bado neno lile linashikiliwa kama hukumu ya kadhi.

Tazama wino kwanza. Kalamu za biro zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1945, na huku kwetu zilienea baadaye. Picha ikiwa ya enzi za Kampuni ya Imperial British East Africa, ambayo ilikabidhi utawala mwaka 1895, na nyuma yake pana maandishi ya biro ya buluu, basi aliyeandika aliishika picha hiyo miaka 50 au zaidi baada ya kupigwa. Huyo si shahidi. Ni mrithi, au mtu aliyekuwa akipanga albamu huku akiulizia, au mwuzaji aliyejua kwamba picha yenye jina la mji hupata mnunuzi haraka kuliko isiyo na jina. Penseli yaweza kuwa ya zamani zaidi, lakini nayo haina tarehe ndani yake.

Kisha muhuri wa studio. A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, wapigapicha wenye asili ya Goa, walikuwa na studio Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Picha zao zilinunuliwa na mabaharia, maofisa, wamisionari na wafanyabiashara, wakazibandika kwenye albamu na kuondoka nazo. Muhuri wa studio ya Unguja unakuambia picha ilitolewa na kuuzwa wapi. Kamera ilisimama wapi, muhuri hausemi. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakigombana juu ya nyumba ya babu yao, mmoja akishikilia kuwa ilikuwa Unguja kwa sababu ya muhuri tu, ilhali picha yenyewe inaonyesha daka la nyumba ya Lamu, yaani kiingilio chake cha nje, na mabaraza yake mawili yameangaliana mbele ya mlango. Daka limejengwa kwa mawe. Lilikuwa pale pale linatazamana nao, hakuna aliyelitazama.

Postikadi ndizo zinazopotosha zaidi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia nyingi zilichapwa Ujerumani, na mpangaji herufi wa kule hakuwahi kuiona bahari yetu. Alipewa picha na orodha ya majina. Ilitosha orodha isogee mstari mmoja, Mombasa ikawa Lamu na Lamu ikawa Kilwa. Ndiyo maana picha moja huweza kuonekana kwenye kadi mbili zenye majina mawili tofauti, na watu wawili, kila mmoja na kadi yake, wakaapa kuwa wana ushahidi.

Stempu nazo. Mtu huleta kadi yenye stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika, akaniambia hiyo ni picha ya Kenya. Stempu hizo zilianza mwaka 1935 na zilitumika nchi zote tatu. Ungeweza kuibandika Kampala, Dar es Salaam au Malindi. Kinachosema ni muhuri wa posta uliogongwa juu yake, na huo husema tu kadi ilitumwa kutoka wapi. Abiria wa meli alinunua kadi Unguja, akaiandika njiani, akaiposti Mombasa. Upande wa nyuma ukiwa hauna mstari wa kugawa ujumbe na anwani, kadi ni ya mwanzo mwanzo: Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Hiyo ni dalili nzuri ya umri wa kadi. Picha yenyewe yaweza kuwa kongwe zaidi, maana wachapaji waliitumia picha moja miaka na miaka.

Halafu majina, na hapa ndipo watu wa Malindi hunikasirikia. Familia moja iliniletea postikadi ya msikiti, chini yake pamechapwa Malindi. Walishaitilia fremu na kuiweka sebuleni kama msikiti aliosali babu wa babu yao. Msikiti ule una mnara wa umbo la pia, mpana chini, mwembamba juu. Sasa, Unguja kuna mtaa unaoitwa Malindi, ndani ya Mji Mkongwe karibu na bandari, na msikiti wake una mnara wa namna hiyo hasa. Minara ya kale ya umbo la pia katika mwambao huu ni ya kuhesabika: huo wa Malindi ya Unguja, wa Msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale Mombasa, na wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela hapa kwetu, uliojengwa mwaka 1829. Malindi ya bara ina Msikiti wa Juma wenye makaburi ya nguzo pembeni yake, na hapo ndipo walipojitetea: "Si hiyo nguzo?" Nguzo ya kaburi si mnara. Inasimama juu ya kuta fupi za kaburi, na imejengwa ikajaa ndani. Hakuna wa kuipanda akaadhini. Mnara wa kadi ile haukuwa juu ya kaburi lolote. Jina lililochapwa lilikuwa sahihi kabisa, ila ni Malindi nyingine.

Na Malindi si peke yake. Kuna Mnarani ya Kilifi, penye magofu juu ya mkono wa bahari, kuna Mnarani ya Shela, na kuna Mnarani ya Nungwi. "Ngomeni" yaweza kuwa kijiji kilicho kaskazini ya Malindi, na yaweza kuwa mtu aliandika tu kwamba picha ilipigwa ngomeni, na ngome ziko Lamu, Siyu, Mombasa na Unguja. "Forodhani" ni vivyo hivyo. Jina bila mji ni nusu ya jina.

Kwa hiyo maandishi nayafanyia nini? Nayachukua kama dai, kisha nalipeleka dai kwenye visivyohama. Kinachonisaidia kuliko vyote ni msikiti, kwa sababu kila mji wetu una dira iliyojengwa kwa mawe. Makka iko karibu kaskazini barabara kwa mtu aliye Lamu, Malindi, Mombasa au Unguja. Longitudo zetu na yake zimekaribiana sana. Basi ukuta wa kibla ni ukuta wa kaskazini, na mihrabu, kile kishubaka anaposimama imamu, mara nyingi hutokeza nje ya ukuta huo kama kibanda kidogo kisicho na mlango. Ukiiona mihrabu kwa nje, wewe mpigapicha umesimama kaskazini ya msikiti na unatazama kusini. Mashariki iko kushoto kwako, magharibi kuliani. Makaburi pia husaidia: maiti huelekezwa kibla, kwa hiyo kaburi hulala mashariki na magharibi.

Nililetewa picha iliyoandikwa "Lamu, ufuoni". Ndani yake kuna msikiti mdogo, mihrabu imetokeza upande wa kamera, na watu wanateremsha boriti za mikoko kutoka kwenye mashua. Boriti, mashua, msikiti: kila aliyeiona alisema Lamu. Lakini mashua ziko upande wa kulia wa picha. Mihrabu inakutazama, basi kulia ni magharibi, basi bahari iko magharibi ya msikiti. Ufuo wa mji wa Lamu unatazama mashariki, kwenye mkondo, na Manda iko ng'ambo. Picha ile haiwezi kuwa ufuo wa mji wa Lamu, hata ikiandikwa mara mia. Huenda ni Matondoni, upande wa pili wa kisiwa. Huenda ni Unguja, ambako Mji Mkongwe umeipa bahari uso upande wa magharibi. Mwenye picha aliudhika kwamba nimemwondolea Lamu na sikumpa mji mwingine. Lakini kuondoa mji usiohusika ni nusu ya kazi, na ni nusu ambayo watu hawataki kuifanya.

Kwa kipimo hicho hicho, picha ya jua likizama baharini mbele ya mji haikupigwa kutoka gati ya Lamu, wala ufuo wa Malindi, wala bandari ya kale ya Mombasa. Kwetu jua huzama nyuma ya nyumba. Ama mahali si hapo, ama ni alfajiri na aliyeandika "machweo" hakujua.

Dogo linalofuatana na hili: maandishi ya Kijerumani si cheti cha Tanganyika. Wajerumani walikuwa na himaya Witu kuanzia 1885 hadi mkataba wao na Waingereza wa tarehe 1 Julai 1890, na walifungua ofisi ya posta hapa Lamu mwaka 1888 ikafungwa 1891. Picha yenye maneno ya Kijerumani ya miaka hiyo yaweza kuwa ya Lamu au Witu sawa na Bagamoyo au Tanga.

"Mlango wa nakshi, basi ni Lamu"

Mlango ni kitu cha kwanza kuhama katika nyumba yetu. Unang'olewa na fremu yake yote, mfaa na vizingiti, unafungwa kwa kamba na kupakiwa chomboni. Nyumba za wageni za Shela na Malindi zina milango iliyochongwa kwa ajili ya nyumba nyingine kabisa. Milango ya Pwani imeuzwa hadi ng'ambo. Na hata mlango ukiwa pale ulipotiwa mwanzo, nakshi ziko Siyu, Mombasa, Unguja na Bagamoyo pia. Kizingiti cha juu chenye upinde na misumari mikubwa ya shaba huonekana zaidi Unguja, lakini "zaidi" si "pekee".

Uache mlango, tazama kinachouzunguka. Daka, urefu wa baraza, unene wa ukuta unaoonekana pale dirisha lilipo, mteremko wa njia na mfereji wa maji machafu unaelekea upande gani. Mji wa Lamu umepanda kutoka ufuoni, na njia zinazoshuka baharini zina mteremko unaoonekana kwenye picha ukiweka rula juu ya ngazi za milango. Hivyo havipakiwi chomboni.

Vyombo navyo ni hivyo hivyo. Picha ya mtepe, kile chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, haimaanishi Lamu, ingawa ni watu wa visiwa vyetu waliojulikana kwa kuushona. Mtepe ulikuwa chombo cha safari. Ulipigwa picha ulikotia nanga. Unachokupa mtepe ni umri: mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa unatoweka, kwa hiyo picha yenye mtepe halisi na tanga lake la mkeka ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya wakati huo au kabla.

Gari hapa linasaidia zaidi kuliko chombo, kwa kukanusha. Mji wa Lamu uliishi miaka mingi bila magari, isipokuwa lile la DC, mkuu wa wilaya. Barabara ya ufuoni yenye magari yamepangana si Lamu. Na reli nyembamba katikati ya mtaa nayo ina maana: vitoroli vyenye paa la kivuli, vilivyosukumwa na watu, ni Mombasa, na treni ya mvuke inayopita kando ya nyumba ni Unguja, njia ya Bububu iliyofunguliwa 1905. Chuma kilichopigiliwa ardhini hakihami kirahisi.

"Hapafanani na hapo leo, kwa hiyo si hapo"

Hii ni kinyume cha zile mbili za mwanzo, na husababisha picha nzuri kutupwa. Mzee wa Malindi alitazama picha ya ufuo wa mji wake akaikataa kata kata. "Maji yako mlangoni mwa nyumba. Malindi maji yako mbali." Leo yako mbali, ndiyo. Mto Sabaki humwaga bahari ya Malindi udongo unaotoka bara, na kadiri mashamba ya juu yalivyokatwa miti na kulimwa, udongo uliongezeka. Bahari ikawa ya kahawia wakati wa mafuriko na mchanga ukajilaza ufuoni mwaka baada ya mwaka. Nyumba na hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji zilijikuta zimetengana nayo kwa uwanda mpana wa mchanga na majani. Picha ya miongo kadhaa nyuma lazima ionyeshe maji karibu. Ingeonyesha maji mbali, hapo ndipo ningeanza kushuku.

Lamu vivyo hivyo. Ngome yetu, iliyoanza kujengwa karibu 1813 na kumalizika 1821, ilikuwa karibu na maji kuliko leo. Mbele yake palijazwa na kujengwa. Ukiipata picha ambayo kati ya ngome na vyombo hakuna safu ya nyumba uliyoizoea, usiseme "si Lamu". Sema "ni ya lini?" Na kumbuka ngome hiyo ilikuwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984, kwa hiyo picha nyingi za miaka hiyo zimepigwa kwa mbali au kwa pembeni, na sura uliyoizoea kutoka Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, huenda usiione.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Unguja. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883. Picha za mwanzo zinaionyesha bila mnara wa saa juu yake, na mbele yake, karibu na maji, umesimama mnara mrefu uliokuwa taa ya meli. Wanaoizoea sura ya baadaye husema jengo hilo si lenyewe. Mnara ule wa mbele uliharibiwa manowari za Waingereza zilipopiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896, na baadaye saa ikatiwa kwenye jengo lenyewe. Tofauti waliyoiona kama kasoro ndiyo inayoipa picha tarehe: ni kabla ya Agosti 1896. Na tangu sehemu ya jengo ilipoporomoka Desemba 2020, picha za jana tu zimekuwa za zamani.

Kilichobadilika hutoa wakati. Kilichobaki hutoa mahali. Watu huvichanganya.

"Tia kwenye simu, itakuambia"

Google Lens na TinEye nazitumia kila siku, wala sizibezi. Lakini zinafanya kazi mbili tofauti. TinEye hutafuta nakala za picha ile ile. Google Lens hutafuta picha zinazofanana nayo. Mtaa mwembamba wenye kuta nyeupe na punda utakuletea Lamu kwa sababu Lamu ya watalii imejaa kwenye intaneti, na Pate, Siyu na Faza zimepigwa picha chache mno. Kwa hiyo mtaa wa Siyu wa mwaka 1920 utatolewa jibu la Lamu kila utakapojaribu, si kwa sababu ni Lamu.

Zaidi ya hayo, simu inarudisha maandishi ya wengine. Mtu mmoja aliandika jina la mji vibaya, mia wakanakili, na sasa simu inakuonyesha kurasa mia zinazokubaliana. Hao si mashahidi mia, ni shahidi mmoja. Akili mnemba nayo hujibu kwa sauti ya mtu aliyekuwapo. Iulize imeona nini ndani ya picha, upande gani wa bahari, kibla iko wapi, na usiridhike na jina la mji tu.

Penye faida kubwa ni mikusanyo yenyewe. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha 7,610 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza imeweka wazi picha za Wizara ya Makoloni chini ya namba CO 1069. Maktaba ya Bunge ya Marekani ina picha za safari ya 1936 zilizopita Kenya na Unguja. Tafuta humo picha iliyopigwa karibu na yako, siku ile ile au na mtu yule yule. Na hata humo, maelezo mengi yametoka kwenye albamu za watu binafsi, kwa hiyo rudi juu usome tena habari ya biro.

Mengine, kwa ufupi

Picha isiyo na rangi si lazima iwe ya ukoloni. Studio zetu zilitoa picha nyeusi na nyeupe hadi miaka ya 1970 na zaidi. Karatasi ikiwa na mgongo laini wa plastiki, nakala hiyo haikuchapwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, hata kama negativu ni kongwe.

"Kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini." Hilo ni somo la Ulaya. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini ya ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu na kivuli huanguka kusini. Miezi iliyobaki ni kinyume. Kivuli bila mwezi hakikupi dira. Tumia kibla.

Picha iliyogeuka kushoto kulia ni ya kawaida kuliko mnavyodhani, hasa iliyochapwa kutoka bamba la kioo lililowekwa kinyume. Soma chochote kilichoandikwa ndani: jina la duka, maneno ya kanga, aya juu ya mlango. Mtu anayekula au kumwaga kahawa kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni pia hunitia shaka. Ukiigeuza, bahari inahama upande, na hesabu yote ya kibla inabadilika. Hii iangaliwe mwanzo kabisa, si mwisho.

Picha ya studio haina mahali, ina studio. Pazia lililochorwa meli, kasri au mnazi lilikuwa ukutani. Hapa Lamu studio ya Bakor, ya marehemu Omar Said Bakor, ilisifika kwa picha za kuunganisha, uso wa mtu ukitiwa ndani ya kitu kingine kwa ufundi mkubwa. Ni sanaa ya kujivunia. Usiitumie kuthibitisha kwamba babu alifika mahali.

Na wazee. Wengine huniambia wazee wakishasema yamekwisha, wengine kwamba wazee wamesahau. Kote ni kuwaonea. Tatizo ni swali. Ukimpa bibi picha ukasema, "Bibi, hii si Langoni?" atakuitikia kwa upole, maana umeshamwambia unachotaka. Ifunike nyuma, usitaje mji, muulize: huyu aliyekaa barazani ni wa nyumba gani? Maji walichota wapi? Njia hii inatokea wapi? Akianza kusema "hapa kushoto palikuwa na kisima, na nyuma yake nyumba ya mashangazi", kaa chini uandike kila kitu, kisha nenda ukatafute hicho kisima. Picha ile ile mpelekee mwingine wa mtaa mwingine asiyesikia ya mwanzo.

Ukishapata mtaa, usiishie kusema "ni karibu na hapa". Tafuta ndani ya picha vitu viwili visivyohama, kimoja mbele ya kingine, mfano kona ya ukuta wa baraza na nyuma yake ukingo wa paa la msikiti. Nenda mahali penyewe, tembea hadi vikae kama vilivyo pichani, kona ikigusa ukingo pale pale. Umeupata mstari mmoja. Chagua jozi nyingine upande wa pili wa picha ufanye vivyo hivyo. Mistari miwili inapokatana ndipo kamera iliposimama. Ukiikuta inakatana baharini, usikate tamaa: alipiga akiwa mashuani, au maji yalikuwa yametoka. Ikikatana ndani ya nyumba, omba ruhusa upande darini. Wengi walipenda kupiga kutoka juu.

Mwisho ni ombi kwa wanaoniletea picha. Leteni picha yenyewe, au iskaniwe kwa ukubwa, mbele na nyuma, pamoja na kingo zote na kadi iliyobandikwa. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama faili, si kama picha, kwa sababu ikipunguzwa maandishi ya kanga na herufi za jina la duka hugeuka ukungu. Msiibandue kwenye albamu kwa nguvu, msikate ukingo mweupe ili ienee kwenye fremu, na msiandike nyuma kwa biro. Mkitaka kuongeza mnachokijua, andikeni kwenye karatasi ya kando: nani kasema, lini, na alijuaje.